Anayeuguza na Anayeuguzwa

Hotuba kwa wahudumu wa kujitolea wanaotembelea wagonjwa majumbani, na kwa familia zinazouguza. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao siku ile walikuwa zamu.

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Wazazi wangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi: karibuni, na poleni na safari. Najua wamo humu watu waliomwacha mgonjwa mikononi mwa jirani, na hapa walipokaa wanahesabu saa. Kwa ajili yao sitazunguka.

Nimeombwa niseme juu ya thamani ya maisha. Mada hii tunaisikia sana misibani, na mara nyingi huishia kwenye maneno matamu. Leo nataka tuitazame mahali inapoonekana kwa macho: pembeni ya kitanda cha mtu ambaye hawezi tena kujigeuza mwenyewe. Mtu huyo halimi, hauzi, hachangii harusi ya mtu. Je, ana thamani? Na huyu binti yake aliyefunga genge la mboga ili abaki nyumbani kumsafisha, anapoteza maisha yake au anayapata?

Mimi nasema anayapata. Lakini nasema pia, na hili ndilo hasa lililonileta, kwamba hayapati kwa kumwonea mgonjwa huruma. Anayapata kwa kuifanya kazi ya huruma sawasawa. Huruma isiyojua kazi inaweza kumtoboa mgonjwa vidonda. Inaweza kumpalia kwa uji. Inaweza kumwacha akipiga kelele za maumivu huku dawa iko kabatini. Tumeyaona haya katika nyumba zenye mapenzi tele, na ndiyo maana tumekutana.

Niwape kisa. Mwaka 1948 alikuwapo London mgonjwa aitwaye David Tasma. Alikuwa Myahudi kutoka Warsaw, Poland, mwenye umri wa kama miaka 40, na kazi yake ilikuwa kuhudumia meza mgahawani. Saratani ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna upasuaji tena. Hana mke, hana mtoto. Kilichomuuma kuliko saratani ni kuona kwamba anaondoka duniani bila kuacha alama yoyote, kana kwamba hakuwahi kuja.

Aliyekuwa akimtembelea ni Cicely Saunders, ofisa wa ustawi wa wagonjwa, ambaye awali alikuwa muuguzi mpaka mgongo ulipomtoa wodini. Saunders hakuwa na dawa ya kumpa. Alikuwa na kiti, akakaa. Siku baada ya siku wakazungumza mtu wa hali ile angestahili mahali pa namna gani: penye utulivu, maumivu yakidhibitiwa, na pawepo mtu wa kumsikiliza. Tasma alipofariki alimwachia paundi 500, na neno kwamba yeye atakuwa dirisha katika nyumba hiyo atakayoijenga. Saunders akaingia kusomea udaktari akiwa mtu mzima, akahitimu mwaka 1957. Mwaka 1967, miaka 19 baada ya kifo cha Tasma, akafungua St Christopher's Hospice kusini mwa London. Dirisha lipo. Na huduma hii tunayoiita tiba shufaa, yaani kumtuliza maumivu na mahangaiko mtu mwenye ugonjwa mzito, popote inapotolewa leo, ina mzizi mmoja mkubwa pale.

Sasa niambieni: nani alimsaidia nani? Nani alikuwa mtoaji na nani mpokeaji?

Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tasma hakuwa tajiri, na alitoa akiwa amelala chali. Kumbe mgonjwa naye ana haja ya kutoa. Tunapomhudumia mtu kwa namna ya kumnyang'anya kila nafasi ya kuwafaa wengine, tunamuuguza mwili na kumuua moyo. Tunamwambia, "Wewe pumzika tu, baba, usijisumbue na chochote." Tunadhani tumemheshimu. Yeye anasikia kwamba kazi yake duniani imekwisha.

Basi mpeni kazi. Mikono ikiwa bado inafanya, amenye vitunguu saumu, akunje nguo za watoto. Mikono ikiwa imelala lakini kauli ipo, muulizeni ushauri wa kweli, ule mtakaoufuata: mpaka wa shamba unapita wapi, nani anadai na nani anadaiwa, achari ile huwekwa siki kiasi gani, mjukuu apewe jina la nani. Kauli ikiwa imekwenda na macho yapo, aamue kwa macho. Mwonyesheni kanga mbili achague ya kuvaa. Muulizeni atazame mlangoni au dirishani, na msubirini akonyeze. Ukimuuliza kisha ukaamua mwenyewe kabla hajajibu, bora usingeuliza. Mtu aliyepigwa kiharusi anaweza kuchukua muda mrefu kulitoa neno moja. Kaa kimya umsubiri.

Sasa tuje kwenye mikono yetu wenyewe. Hapa nitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi wanapoharibikiwa.

Nazungumzia vidonda vya kitandani. Vinatoka wapi? Mtu mzima akilala mkao mmoja, mfupa unaibana nyama dhidi ya godoro, mishipa midogo ya damu inafungwa, na nyama inakosa damu. Wewe na mimi tukibanwa tunajigeuza usingizini bila kujua. Yeye hawezi, au hasikii. Na kidonda hiki kinaweza kuanza ndani, karibu na mfupa, kisha ndipo kitokee juu. Siku mnapoona ngozi imechunika kidogo, chini yake huenda pameshaoza. Kwa hiyo msisubiri kuona kidonda. Kagueni kila siku, wakati wa kumwogesha: juu ya makalio pale mfupa wa mgongo unapoishia, nyonga zote mbili, visigino, vifundo vya miguu, magoti upande wa ndani, mabega, viwiko, kisogo, na masikio. Masikio husahaulika.

Vitabu vingi vinasema tazama wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na wauguzaji wengi hudanganyika hapo. Tazama mahali palipokuwa peusi zaidi kuliko ngozi ya jirani yake, au pa zambarau, au panapong'aa. Kisha gusa kwa mgongo wa mkono. Pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama nyama iliyolowa? Mgonjwa anakunja uso? Hapo pameanza. Mgonjwa asilalie tena upande huo mpaka ngozi irudi hali yake. Na msipasugue kwa mafuta mkidhani mnaamsha damu, kwa kuwa kusugua kunazidi kuchana nyama iliyokwisha kuumia.

Dawa ya kwanza ya kidonda ni kumgeuza. Kila baada ya saa mbili, mchana kutwa: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Bandikeni karatasi ukutani yenye saa na upande, na aliyegeuza aweke alama kwa kalamu. Bila karatasi kila mtu atadhani mwenzake amegeuza. Usiku ndiko familia nyingi zinakoshindwa, na sizilaumu. Kama godoro la sponji ni nene, na ngozi ya asubuhi mnaikuta salama, mnaweza kufika saa tatu au nne kabla ya kugeuza. Ikianza kubadilika, rudini kwenye saa mbili.

Unamgeuzaje ukiwa peke yako? Kwanza mwambie, hata kama hajitambui: "Mama, nakugeuzia huku upande wangu." Simama upande ule atakaougeukia, asije akaanguka. Mkono wake wa mbali uweke kifuani, mguu wake wa mbali ukunje goti au uupitishe juu ya mwenzake. Shika bega la mbali kwa mkono mmoja na nyonga ya mbali kwa mkono wa pili, kunja magoti yako kidogo, halafu mvute kwako kwa pamoja, bega na nyonga zikija wakati mmoja. Weka mto mgongoni. Weka mto mwingine katikati ya magoti. Kisha vuta kidogo lile bega la chini litokeze mbele, asilalie mkono. Asilale wima kabisa kwa ubavu, kwa kuwa uzito wote utakaa kwenye mfupa wa nyonga. Ainame nyuma kidogo, aegemee ule mto.

Mkiwa wawili, tumieni shuka. Kunjeni shuka nzito mara mbili, mgonjwa ailalie kutoka mabegani mpaka mapajani. Kila mmoja aviringishe ukingo wake mpaka ukaribie mwili, shikeni, hesabuni moja, mbili, tatu, inueni. Nasema inueni, sisemi vuteni. Mtu akiburutwa kwenye godoro, ngozi inabaki nyuma na mifupa inatangulia, na nyama ya katikati inachanika bila tone la damu kuonekana nje. Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa aliyeegemezwa mito huwa anateleza polepole kuelekea miguuni. Mwekeeni mto chini ya mapaja umzuie.

Na ile kata? Ndugu zangu, tuache kumkalisha mgonjwa kwenye kata ya nguo au kwenye tairi la ndani la gari. Nia ni nzuri: kidonda kiwe katikati, kisiguse kitu. Lakini ile duara inabana pande zote, inafunga damu ya kwenda kidondani, na kinazidi kukua. Kwa visigino, weka mto chini ya vigimbi vya miguu, urefu wote, mpaka visigino vielee hewani. Upitishe kiganja chako chini ya kisigino. Kikipita bila kugusa, umefanya sawa.

Haja kubwa na ndogo nazo zinaozesha ngozi. Asikae na nepi iliyolowa mpaka asubuhi. Msafishe kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta ya mgando. Mwanamke asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usiingie njia ya mkojo. Kidonda kikishafunguka, kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja kidogo cha chumvi katika nusu lita. Usiweke spiriti, usiweke jivu, usiweke unga wa kidonge chochote bila kuambiwa na muuguzi. Kama kinanuka, mwambieni muuguzi waziwazi, kwa sababu harufu ina dawa yake. Kuna wagonjwa wanaoacha kutembelewa na ndugu zao kwa ajili ya harufu tu, wakati ni jambo linaloweza kupunguzwa.

Neno moja kuhusu kuogesha. Fungua sehemu moja, osha, kausha, funika, ndipo ufungue nyingine. Anza na uso, malizia na sehemu za siri, kwa kitambaa kingine na maji mengine. Na familia zikae ziamue mapema nani anamwogesha nani. Katika nyumba zetu nyingi haiwezekani mkwe wa kike amwogeshe baba mkwe, na mzee anaweza kukaa siku tatu bila kuoga kwa sababu watoto wa kiume hawapo na hakuna anayethubutu kulisema. Hapa ndipo mhudumu wa kujitolea mwanamume ana kazi kubwa. Wako wachache mno. Vijana wa kiume mliopo hapa, nawatazama ninyi.

Tuzungumze maumivu.

Daktari Anne Merriman alikwenda Uganda mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, baada ya kufanya kazi Nigeria, Singapore, na kisha Nairobi Hospice iliyoanza mwaka 1990. Alikuja na nini? Hakuja na mtambo. Alikuja na njia ya kutengeneza morfini, dawa ya maumivu makali, iwe ya kunywa: unga wa morfini, maji, na kihifadhi kidogo isiharibike, ikatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine. Dawa ya bei nafuu, mgonjwa anainywa nyumbani kwake, bila sindano. Kikwazo kilikuwa nani aruhusiwe kuiandika, kwa kuwa vijijini daktari hakuna. Mwaka 2004 Uganda ikarekebisha kanuni zake, wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuandika morfini. Tafakarini tofauti hiyo kwa mama wa kijijini mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Ugonjwa wake ni uleule, lakini sasa analala usiku.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 kila mwaka wanahitaji tiba shufaa, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Nchi wanachama zilikwisha kukubaliana mwaka 2014 kwamba huduma hii iingizwe katika mifumo ya afya. Makubaliano yapo. Mahali penye dawa, kinachobaki ni sisi tunaoishika chupa.

Na sisi tunakosea wapi? Tunasubiri mgonjwa alie ndipo tumpe. Maumivu yakishapanda, dozi ileile haiyatoshi. Saunders na wenzake waliwafundisha wauguzi kutoa dawa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo, ili yasipate nafasi ya kurudi. Morfini ya maji ya kawaida hufanya kazi kwa kama saa nne. Kwa hiyo ratiba ya kawaida ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Mara nyingi mwandikaji wa dawa huifanya dozi hiyo ya saa 4 usiku iwe kubwa kuliko nyingine, ili mgonjwa afike asubuhi. Kiasi anaamua yeye, saa unazilinda wewe. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, msikisie kwa kijiko cha jikoni.

"Atakuwa teja." Nalisikia hili kila mahali, hata kwa watu waliosoma. Ndugu zangu, mgonjwa wa saratani anayekunywa morfini kwa maumivu, kwa kipimo, chini ya uangalizi, ni nadra sana kuwa teja. Mwili huizoea, ndiyo, na ndiyo sababu isikatwe ghafla bali ipunguzwe kidogo kidogo na mtaalamu. Kuizoea ni jambo moja, uteja ni jambo jingine. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, na wengine hupata kichefuchefu. Vitu hivi huisha. Kisichoisha ni kufunga choo. Kila anayeanza morfini aanzishiwe na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, na kama haikuandikwa, ulizeni. Nimesema ulizeni, kwa sababu familia nyingi huacha morfini kwa kuhofia maumivu ya tumbo, kumbe tumbo linauma kwa choo cha siku tisa. Akiwa haamshiki kabisa, au pumzi zimekuwa chache na za mbali, msitoe dozi nyingine, pigeni simu kwa muuguzi saa hiyohiyo. Na chupa ikae mahali palipofungwa, mbali na watoto.

Mtu asiyeweza kueleza maumivu yake kwa maneno, aonyeshe kwa mkono. Ngumi iliyofumba ni hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Andika namba hiyo kwenye daftari asubuhi na jioni. Muuguzi atakapokuja, daftari hilo litamsaidia kuliko kumwambia "anasumbuka sana usiku".

Lakini si kila maumivu yanaisha kwa chupa. Saunders alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana pande nyingi: mwili, hofu, deni, ugomvi wa ndugu, na maswali anayomuuliza Mungu wake. Ukiona dozi inapandishwa na vidole bado vinne, keti umuulize: "Nini kinakusumbua zaidi leo?" Usimwulize kama umeshika mkoba mlangoni. Keti, macho yenu yawe usawa mmoja. Anaweza kukwambia ni mtoto aliyegombana naye. Usimkatishe kwa "utapona tu, usiseme hivyo". Umemfungia mlango, na pengine hataufungua tena.

Chakula nitakipita haraka, ila mambo mawili yashikeni. La kwanza: msimlishe mtu aliyelala chali. Muinueni akae, kidevu kiiname kidogo kifuani, kijiko kidogo, ameze kabisa ndipo kiende kingine, na abaki ameinuka nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama ina maji, acheni na muite mtaalamu wa afya, kwa sababu uji unaelekea mapafuni. Wagonjwa wa kiharusi wengi hupata homa ya mapafu kwa njia hii. La pili ni gumu zaidi: siku za mwisho mtu huacha kula, na huko ndiko mwili unakoelekea wenyewe. Hafi kwa sababu hali. Hali kwa sababu anakufa. Kumbana pua na kumminia uji si upendo, hata kama unalia wakati unafanya hivyo. Mlowanishieni kinywa kwa kitambaa safi chenye maji, kila baada ya saa mbili. Mpakeni midomo mafuta. Mikono yenu inayotaka kulisha ipeni kazi hiyo.

Sasa, haya yote nani atayafanya? Mbona kazi ni nyingi hivi?

Kule Kerala, kusini mwa India, madaktari walianzisha chama cha tiba ya maumivu mjini Kozhikode mwaka 1993. Baada ya muda wakaona kliniki haitoshi, kwa kuwa mgonjwa anateseka nyumbani, saa ambazo kliniki imefungwa. Ndipo ukazaliwa mtandao wa mitaa, Malappuram na kwingineko, ambapo majirani wenyewe ndio wahudumu. Mafunzo yao yalikuwa ya kawaida kabisa: saa 16 darasani, kisha siku 4 za kwenda kwa wagonjwa pamoja na timu. Fedha zilitoka mtaani, sarafu kwa sarafu, kwenye visanduku vilivyowekwa madukani. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaiweka kazi hiyo kuwa sera yake. Kerala si mahali pa matajiri wakubwa. Wavuvi wamo, wakulima wa minazi wamo, na wamo wanaoswali na wanaosali tofauti. Anayejua kuandika aliandika daftari, mwenye pikipiki alipeleka muuguzi, mwenye muda alikaa na mgonjwa ili mke wa mgonjwa aende sokoni.

Huyo mke wa mgonjwa ndiye nataka kummalizia naye. Katika kila nyumba yupo mtu mmoja ambaye mzigo umemwangukia. Mara nyingi ni binti aliyebaki nyumbani, au mke ambaye naye ni mzee. Halali. Mgongo unamuuma kwa kuinua vibaya. Amekuwa mkali kwa watoto, analia akiwa jikoni, na siku nyingine amempiga mgonjwa kofi na hajamwambia mtu. Msimhukumu. Muwahini kabla hajafika huko.

Msimwambie "ukihitaji chochote tuite". Hataita. Mwambieni: "Jumatano saa nane mchana nitakuwa hapa mpaka saa kumi na mbili. Wewe nenda kalale kwa dada yako." Halafu fikeni saa nane. Mkichelewa, keshoyake hatawaamini, naye atarudi kubeba peke yake. Walau mchana mmoja kila wiki, mtu huyo atoke nje ya nyumba ile. Ndugu walioko mjini wanaotuma fedha, tunawashukuru, na fedha zinahitajika, lakini mje pia mshike zamu, hata usiku mbili tu kwa mwezi. Mtamjua baba yenu upya mkimgeuza saa nane za usiku.

Niliahidi kutozunguka. Daftari la zamu liko kwa katibu, pale mezani karibu na mlango. Kuna nyumba kumi na moja zimeandikwa, na kila nyumba ina nafasi za mchana na za usiku. Andika jina lako, siku, na saa utakayofika. Usiandike siku ambayo hutaweza. Vijana wa kiume, nyumba tatu zina wazee wanaohitaji kuogeshwa na mwanamume, zimewekewa alama ya nyota. Baada ya chai, muuguzi wetu atatuonyesha kugeuza na kuinua kwa shuka kwenye godoro lile pale, na kila mmoja atajaribu mara mbili, mara moja akiwa anageuza na mara moja akiwa anageuzwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Karibuni chai.